Kiini cha mfumo wa uendeshaji wa wakati halisi

Kiini cha mfumo wa uendeshaji wa wakati halisi (huitwa pia kerneli ya wakati halisi) ni sehemu ya ndani kabisa ya programu ya kompyuta ambayo hugawa prosesa, kumbukumbu na njia za mawasiliano kati ya kazi mbalimbali, kwa namna ambayo inajulikana mapema kila kazi itamalizika kabla ya muda gani. Hutumika mahali ambapo jibu sahihi lililochelewa ni sawa na jibu baya: katika breki za magari, mashine za hospitali, vyombo vya anga na roboti.

Makala hii inahusu hasa viini vinavyotumika katika roboti zilizosambaa, yaani mitambo ambayo uamuzi wake haufanywi na kompyuta moja bali na kompyuta kadhaa. Kompyuta hizo zinaweza kuwa ndani ya roboti moja, au ndani ya roboti nyingi zinazofanya kazi pamoja. Afrika Mashariki teknolojia hii imeonekana zaidi angani, kwa njia ya droni za kupima ardhi na kubeba dawa na damu, nchini Rwanda, Zanzibar na juu ya Ziwa Viktoria.

Maana ya "wakati halisi"

Wengi hudhani kwamba "wakati halisi" maana yake ni "haraka sana". Sivyo. Maana yake ni kwamba muda wa jibu unatabirika. Basi linalopita njia panda ya Nyololo, wilayani Mufindi, saa nne kamili kila siku lina manufaa zaidi kwa abiria anayeunganisha safari ya kwenda Igowole au Mtwango kuliko basi lenye mwendo mkali ambalo leo hupita saa tatu na kesho saa saba. Wastani wa mwendo haumsaidii abiria huyo. Anachohitaji ni kujua kwamba basi halitapita baada ya muda fulani.

Kompyuta ya kawaida ya ofisini ni kama basi la pili. Ina nguvu nyingi, lakini ikiamua kuhifadhi faili, kukagua virusi au kupanga upya kumbukumbu, programu nyingine husubiri bila kuambiwa zitasubiri kiasi gani. Kwa mtu anayeandika barua hilo halina madhara. Kwa droni inayosimamishwa hewani na mota nne, kusubiri robo sekunde kunatosha kuiangusha.

Kwa desturi wataalamu hutofautisha ngazi tatu. Katika wakati halisi mgumu, kuchelewa hata mara moja huhesabiwa kuwa ni kushindwa kwa mfumo mzima. Katika wakati halisi laini, kuchelewa hupunguza ubora tu, kwa mfano picha ya video ikikwama kidogo. Kati yake kuna kazi ambazo jibu lililochelewa hutupwa, lakini mfumo huendelea. Roboti moja huwa na kazi za ngazi zote tatu kwa pamoja, na hapo ndipo shida ya kupanga inapoanza.

Kazi za kiini

Kiini cha wakati halisi kwa kawaida ni kidogo. Kiini cha FreeRTOS, kwa mfano, huchukua takribani kilobaiti 6 hadi 12 tu za kumbukumbu ya kudumu, kiasi ambacho hakitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Udogo huo una sababu: programu fupi ni rahisi kuikagua mstari kwa mstari na kupima muda wake mrefu kabisa.

Kazi yake ya kwanza ni kuamua nani atumie prosesa. Kila kazi hupewa kipaumbele, na kazi yenye kipaumbele kikubwa ikiwa tayari, kiini humpokonya prosesa aliye chini na kumpa aliye juu mara moja, hata kama wa chini hajamaliza. Jambo hili huitwa upokonyaji. Kazi ya pili ni kupokea vikatizo, yaani ishara kutoka nje, kama vile kihisio kilichomaliza kupima au ujumbe uliofika redioni. Kiini kizuri hufanya machache sana ndani ya kikatizo chenyewe, kisha huamsha kazi inayohusika iendelee kwa kipaumbele chake.

Zaidi ya hayo kiini hutoa saa, kufuli za kulinda vitu vinavyotumiwa na kazi zaidi ya moja, na foleni za kupitishia ujumbe. Kumbukumbu hugawanywa mapema, roboti ikiwashwa, badala ya kuombwa wakati wa kazi, kwa sababu muda wa kutafuta nafasi iliyo wazi hautabiriki. Kwa sababu hiyohiyo viini hivi haviazimi nafasi katika diski kama zinavyofanya kompyuta za mezani.

Mara nyingi kuna pia saa mlinzi. Hiki ni kifaa kidogo kinachohesabu kurudi nyuma. Programu yenye afya hukirudisha mwanzo kila mara. Programu ikikwama, hesabu hufika sifuri na kifaa huizima na kuiwasha kompyuta upya.

Upangaji wa kazi

Msingi wa hisabati ya upangaji uliwekwa mwaka 1973 na C. L. Liu na James Layland. Waliuliza swali rahisi: ikiwa kila kazi hurudi kila baada ya muda fulani, na kila mara huhitaji prosesa kwa muda unaojulikana, je, tunaweza kujua kabla ya kuwasha mashine kwamba hakuna itakayochelewa?

Walitoa majibu mawili. La kwanza ni kutoa vipaumbele visivyobadilika: kazi inayorudi mara nyingi zaidi ipewe kipaumbele kikubwa zaidi. Kwa utaratibu huo, kazi zote zitawahi ikiwa jumla ya matumizi ya prosesa haizidi kikomo fulani. Kikomo hicho ni asilimia 82.8 kwa kazi mbili, 78.0 kwa kazi tatu, 75.7 kwa kazi nne, na hushuka polepole kuelekea asilimia 69.3 kazi zikiwa nyingi. La pili ni kubadili vipaumbele kila wakati, ili kazi iliyo karibu zaidi na muda wake wa mwisho itangulie. Kwa utaratibu huu prosesa inaweza kutumika hadi asilimia 100.

Tuchukue mfano wa kubuni. Droni tatu zinalinda msitu wa Sao Hill dhidi ya moto wakati wa kiangazi. Ndani ya kila droni kuna kazi hizi. Ya kwanza husoma vihisio vya mzunguko na kurekebisha mota kila milisekunde 4, na huchukua milisekunde 1. Ya pili hukadiria mahali droni ilipo kila milisekunde 20, na huchukua 4. Ya tatu hubadilishana habari na droni nyingine kila milisekunde 100, na huchukua 25. Matumizi ya prosesa ni robo, moja ya tano na robo, yaani jumla ni asilimia 70. Kikomo cha kazi tatu ni 78.0, hivyo mpangaji anaweza kulala usingizi.

Sasa anakuja mtu na kuomba iongezwe kazi ya nne: kuchunguza picha ili kutafuta moshi, kila milisekunde 500, kwa milisekunde 100 za prosesa. Jumla inafika asilimia 90, wakati kikomo cha kazi nne ni 75.7. Je, tukatae? Si lazima. Kikomo cha Liu na Layland ni cha tahadhari: ukiwa chini yake una uhakika, ukiwa juu yake hujui bado. Inabidi kuhesabu kwa kirefu. Katika hali mbaya kabisa kazi zote nne huanza kwa pamoja, na kazi ya picha husubiri kila mara wenzake wanapoipokonya prosesa. Mpaka itakapomaliza, kazi ya mota itakuwa imerudi mara 92 na kutumia milisekunde 92, kazi ya mahali imerudi mara 19 na kutumia 76, kazi ya mawasiliano imerudi mara 4 na kutumia 100. Ukijumlisha na milisekunde 100 za picha yenyewe unapata 368. Hiyo ni chini ya 500, kwa hiyo kazi ya nne inaingia bila kumchelewesha yeyote. Mwanafunzi anaweza kurudia hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na inafaa afanye hivyo, maana ndiyo njia inayotumika katika viwanda vya magari na ndege.

Utaratibu wa vipaumbele visivyobadilika hutumika zaidi ingawa unaacha sehemu ya prosesa bila uhakika wa haraka. Sababu ni kwamba mambo yakiharibika inajulikana nani ataumia: wa chini kabisa. Katika utaratibu wa pili, prosesa ikizidiwa, kuchelewa kunaweza kumpata yeyote, hata kazi ya mota.

Upinduaji wa vipaumbele

Hesabu ya hapo juu inadhani kwamba kazi hazitegemeani. Kwa kweli zinategemeana, kwa sababu zinatumia vitu vya pamoja, na kila kitu cha pamoja huwa na kufuli.

Tuseme kazi ya chini imeshika kufuli. Kazi ya juu inaihitaji kufuli hiyo, basi inasubiri. Hilo ni la kawaida na huisha upesi. Lakini kabla ya kazi ya chini kuiachia, inatokea kazi ya kati, isiyohusika kabisa na kufuli hiyo, na kuipokonya prosesa kazi ya chini. Sasa aliye juu anamsubiri aliye chini, na aliye chini anamsubiri wa kati. Kwa matendo, wa kati amekuwa mkubwa kuliko wa juu. Huu ndio upinduaji wa vipaumbele.

Mfano mashuhuri ulitokea nje ya dunia. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiwa na kigari kidogo cha Sojourner chenye kilogramu 10.5. Huo wenyewe ulikuwa mfumo uliosambaa: kigari kiliwasiliana kwa redio na chombo mama, na chombo mama kiliwasiliana na dunia. Chombo mama kiliendeshwa na kiini cha VxWorks. Siku chache baada ya kuanza kukusanya habari za hali ya hewa, kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya yenyewe. Kila ilipofanya hivyo, shughuli zilizobaki za siku hiyo ziliahirishwa.

Wahandisi wa maabara ya JPL huko California walikuwa na nakala ya chombo duniani. Waliiendesha huku wakirekodi kila tukio la kiini, mpaka kosa likajirudia. Kazi ya kusimamia njia kuu ya data, yenye kipaumbele kikubwa, ilikuwa ikisubiri kufuli iliyoshikwa na kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele kidogo, nayo ilikuwa imepokonywa prosesa na kazi za kati, zikiwemo za mawasiliano. Ilipogundulika kwamba kazi ya njia kuu haijamaliza kwa wakati, ulinzi wa chombo uliiwasha kompyuta upya, kama ulivyoagizwa.

Dawa yake ilikuwa tayari ndani ya VxWorks, ila haikuwashwa kwa kufuli ile. Huitwa urithi wa kipaumbele: kazi ya chini inayoshika kufuli inayotakiwa na mkubwa hurithi kipaumbele cha mkubwa huyo hadi itakapoiachia, hivyo wa kati hawawezi kuipita. Nadharia yake ilikuwa imechapishwa kwa ukamilifu mwaka 1990 na Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky. Wahandisi walituma badiliko hilo kwa redio hadi Mirihi, na kompyuta haikujiwasha tena kwa sababu hiyo. Tangu hapo ni vigumu kupata kitabu cha somo hili kisichosimulia kisa hicho.

Ugumu wa kusambaa

Kiini kinaweza kuahidi muda ndani ya kompyuta yake. Hakiwezi kuahidi kwa niaba ya jirani. Roboti zikisambaa, muda unaohusika ni ule wa safari nzima: kutoka kihisio cha hapa, kupitia kazi, foleni, waya au redio, mpaka kazi ya kule na mota yake. Kila hatua huongeza ucheleweshaji, na pia kuyumba, yaani tofauti kati ya mara moja na nyingine. Kuyumba mara nyingi hudhuru kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa sababu ucheleweshaji usiobadilika unaweza kufidiwa kwa hesabu.

Ndani ya roboti moja tatizo hili limetatuliwa vizuri kwa nyaya maalumu. Iliyoenea zaidi ni CAN, iliyotangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Kila ujumbe hubeba namba, na kompyuta mbili zikianza kutuma kwa wakati mmoja, yenye namba ndogo hushinda bila ujumbe wake kuharibika. Nyingine hunyamaza na kujaribu tena. Namba kwa hiyo ndiyo kipaumbele, na waya mzima huwa kama prosesa inayogawanywa kwa kanuni zilezile. Kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, ujumbe wa baiti 8 hauzidi takribani mikrosekunde 135. Ujumbe mkuu kuliko wote husubiri, kwa ubaya kabisa, ujumbe mmoja uliokwisha kuanza, kisha hupita wenyewe: chini ya theluthi moja ya milisekunde.

Kati ya roboti na roboti hakuna waya. Redio huingiliwa na milima, mvua, miti na redio nyingine. Anayeijua Mufindi anajua jinsi simu inavyopoteza mtandao ukishuka bonde moja tu katika mashamba ya chai. Hakuna kiini kinachoweza kuondoa jambo hilo. Kwa hiyo mifumo mizuri hupangwa ili kazi ngumu zibaki ndani ya kila roboti: kusimama wima, kutogonga, kurudi nyumbani. Yanayopita redioni ni mambo yanayovumilia kuchelewa, kama mpango wa njia, eneo lililokwisha kukaguliwa, au kiasi cha betri kilichobaki. Droni inayotegemea amri za kila milisekunde kutoka kwa mwenzake imepangwa vibaya hata ikiwa na kiini bora kuliko vyote.

Roboti huhitaji pia kutambua kwamba mwenzake amenyamaza. Njia ya kawaida ni mapigo ya moyo: kila moja hutuma ujumbe mfupi kwa vipindi maalumu, na mapigo kadhaa yakikosekana wengine huchukua hatua. Ukimya hata hivyo hausemi kama mwenzako ameanguka au redio tu imekatika. Hivyo hatua itakayochukuliwa ni lazima iwe salama katika hali zote mbili.

Saa

Suala la saa linastahili kutazamwa peke yake. Kila kompyuta hupima muda kwa fuwele ya kwatzi, na hakuna fuwele mbili zilizo sawa. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, yaani karibu sekunde 1.7 kwa siku. Kwa saa ya mkononi hiyo ni kazi nzuri. Kwa roboti si hivyo. Droni mbili ambazo saa zake zinakosea kiasi hicho, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa, zitatofautiana milisekunde 144 baada ya saa moja. Zikiruka kwa mita 25 kwa sekunde, tofauti hiyo ni mita 3.6. Kila moja itakosea kwa mita 3.6 mahali mwenzake alipo.

Kwa hiyo saa hulinganishwa mara kwa mara. Nje, penye anga wazi, mpokeaji wa GPS hutoa muda wenye usahihi wa chini ya mikrosekunde moja. Ndani ya jengo hutumika kanuni za mtandao: NTP, iliyobuniwa na David Mills katika miaka ya 1980, hutosha kwa milisekunde; na IEEE 1588, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, hufika mikrosekunde au chini yake ikiwa vifaa vya mtandao vinaisaidia. Pale ambapo kinachotakiwa ni kujua tu lipi lilitangulia na lipi lilifuata, Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba inawezekana kupanga matukio kwa namba zinazoongezeka kila ujumbe unapotumwa na kupokewa, bila saa ya ukutani hata moja.

Mifano ya viini

VxWorks, ya kampuni ya Wind River, ilianza mwaka 1987 na imefika mbali, kwa maana halisi ya neno. QNX ilianza Kanada mwaka 1980 na hufuata muundo wa kiini kidogo: madereva ya vifaa na mafaili hukaa nje ya kiini kama programu za kawaida, hivyo dereva mmoja akianguka mfumo mzima hauanguki naye. Muundo huo uliendelezwa na seL4, ambayo mwaka 2009 watafiti wa Australia walithibitisha kwa hisabati kwamba msimbo wake unatenda kama ulivyoelezwa.

FreeRTOS iliandikwa na Richard Barry mwaka 2003, na tangu 2017 inatunzwa na Amazon. Ni ya bure na chanzo chake ni wazi. Bodi ndogo za ESP32, ambazo wanafunzi wengi wa vyuo huanza nazo, hutumia toleo lake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amekitumia kiini cha wakati halisi bila kujua. NuttX, iliyoanzishwa na Gregory Nutt mwaka 2007, ndiyo inayobeba PX4, programu huria ya kuongoza droni iliyotokana na kazi ya chuo cha ETH Zurich, Uswisi. Ndani ya PX4 kazi ya kudhibiti kasi ya mzunguko hurudi kwa kawaida mara 1,000 kwa sekunde, ile ya mkao mara 250, na ile ya mahali mara 50; msomaji atatambua hapo kanuni ya Liu na Layland. Mshindani wake, ArduPilot, hutumia kiini cha ChibiOS katika bodi nyingi. Zephyr, chini ya Linux Foundation tangu 2016, inakua upesi.

Linux yenyewe haikubuniwa kwa wakati halisi. Kwa takribani miaka 20 wataalamu waliitengenezea marekebisho yaitwayo PREEMPT_RT ili karibu kila sehemu ya kiini iweze kupokonywa prosesa, na hatimaye yaliingizwa rasmi katika toleo la 6.12 mwaka 2024. Hata hivyo roboti nyingi huendelea kutumia kompyuta mbili: moja yenye Linux kwa kamera na ramani, nyingine ndogo yenye kiini cha wakati halisi kwa mota. Mpango huo ni wa busara, maana ya kwanza ikikwama ya pili bado inaweza kutua.

ROS, licha ya jina lake kudai kuwa ni mfumo wa uendeshaji wa roboti, si mfumo wa uendeshaji. Ni programu ya kati inayobeba ujumbe kati ya sehemu za roboti, juu ya kiini kingine. Toleo lake la kwanza, lililokuzwa na Willow Garage huko Marekani kuanzia 2007, halikujali muda. ROS 2, iliyotolewa Desemba 2017, imejengwa juu ya kanuni ya DDS, ambayo humruhusu mtumaji kutaja muda wa mwisho wa kila aina ya ujumbe. Tawi lake liitwalo micro-ROS hufanya kazi juu ya FreeRTOS, NuttX na Zephyr.

Matumizi katika Afrika Mashariki

Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni mwezi Oktoba 2016, kwa kushirikiana na kampuni ya Zipline, kutoka kituo cha Muhanga. Ndege hurushwa kwa manati, hujiongoza, huangusha mzigo kwa mwavuli na kurudi. Kurudi kwenyewe ni somo la roboti zilizosambaa. Katika mfumo uliotumika tangu 2018, ndege haitui kwenye uwanja: mikono miwili yenye waya kati yake huinuka ghafla inapopita, na waya hunasa kulabu ndogo iliyo mkiani. Ndege na mikono ni mashine mbili zenye kompyuta mbili, na lazima zikubaliane juu ya muda. Kwa ndege inayoruka kilomita 100 kwa saa, kosa la milisekunde 50 ni karibu mita 1.4, na waya hukuta hewa. Ikikosa huzunguka na kujaribu tena. Mpango wa kukosa umo ndani ya mpango.

Tanzania, mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe, yaliyofanywa na DHL, kampuni ya Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani. Droni ilivuka kilomita 60 za ziwa kwa wastani wa dakika 40, wakati njia ya barabara ni takribani kilomita 240. Ukigawanya utapata mita 25 kwa sekunde, mwendo uleule uliotumika katika mfano wa saa hapo juu. Chombo hicho hupaa wima kama helikopta kisha hugeuza mota na kuruka kama ndege. Katika sekunde hizo za kugeuka, mabawa bado hayajabeba uzito wote na mota hazisukumi tena juu kikamilifu; hakuna rubani wa redio aliye ng'ambo ya ziwa anayeweza kurekebisha kwa wakati, ni lazima kompyuta iliyo ndani ifanye.

Zanzibar, mradi wa ramani ulioanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi, ukisaidiwa na Benki ya Dunia, ulipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walishiriki kuzirusha. Katika kupima ardhi, suala la muda lina sura nyingine: kila picha lazima ifungwe na mahali ilipopigwa, na muhuri wa muda ukikosea, mpaka wa kiwanja husogea kwenye ramani ingawa hakuna aliyegusa jiwe la mpaka.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, roboti zinazoongoza magari zilisimamishwa Kinshasa kuanzia 2013 na kikundi cha wahandisi kinachoongozwa na Thérèse Izay. Ni za alumini, hutumia umeme wa jua na zina kamera. Roboti ya aina hii inaonyesha vizuri ngazi za wakati halisi zilizotajwa mwanzoni. Picha inayotumwa polisi ikichelewa sekunde chache hakuna anayeumia. Taa ya kijani ikiwaka upande mmoja kabla nyekundu haijawaka upande wa pili, watu wanagongana, na kwa hiyo mpangilio huo haupaswi kamwe kusubiri mtandao.